Kabla hujapuliza tena dawa ya mende, wategee uwahesabu

Jamani mi nakaa Mtwara, Chikongola, na karibu mwaka mzima nilikuwa napuliza dawa ya mende kila wiki, jikoni panatulia siku tatu nne wanarudi, mwisho nikawakuta mpaka chumbani kwa watoto ambako zamani hawakuwepo. Kumbe ile dawa inawatawanya, na mayai yao yamo kwenye kifuko kigumu ambacho dawa haipenyi vizuri.

Kwa hiyo kabla hujanunua kopo lingine, jua kwanza wanakaa wapi. Mi nilichukua chupa sita za jamu, nikapaka mafuta ya mgando kwa ndani karibu na mdomo, upana wa vidole viwili, nikaweka kipande cha ndizi mbivu, nje nikazungushia karatasi wapate pa kukanyagia. Mende akiingia hatoki, anateleza tu. Tega jioni, chupa iguse ukuta maana mende hapendi kukatiza katikati ya sakafu, asubuhi unahesabu na kuandika kwenye daftari, wangapi, wakubwa au wadogo. Fanya hivyo wiki nzima.

Wale wakubwa wekundu, wa sentimita kama nne, mara nyingi wanatokea chooni na kwenye chemba, ziba matundu ya bomba. Wadogo wenye mistari miwili myeusi nyuma ya kichwa ndo balaa, wanazaliana humohumo ndani, jike anatembea na kifuko kimechomoza nyuma, mayai 30 hadi 40, anakiachia yakikaribia kuanguliwa.

Kwangu chupa ya nyuma ya friji ilinasa 23 usiku mmoja, ya chumbani wawili. Nikavuta friji nikamulika na tochi ya simu, pale kwenye mota pana ujoto, kinyesi chao kimetapakaa kama pilipili manga iliyosagwa, na kile kitrei cha chini kimejaa maji. Yaani joto wanalo, maji wanayo, watoke waende wapi?

Nikamwaga maji, nikasugua, nikaweka dawa ya jeli vitone vidogo hapohapo ambapo watoto hawafiki, na sikupuliza chochote karibu maana wataikimbia jeli. Baada ya mwezi rudia, kuna mayai yatakuwa yameanguliwa. Wiki ya tano ile chupa ilinasa wawili. Na maboksi ya bidhaa yakishuka na basi kutoka Dar, mi nayafungulia nje uani maana mende wanaweza kuja nayo, sasa hivi boksi haliingii jikoni kabisa.