Siku mbili za mafunzo ndani ya borstal: tuweke nini?

SWALI: Nafundisha katika taasisi ya borstal, yaani ya kurekebisha vijana waliovunja sheria, hapa Kenya. Nina mvulana asiyeona, na mwingine nashuku hasikii vizuri. Mkuu wa taasisi ametupa siku mbili za mafunzo ya walimu. Tuweke nini?
Mwalimu

JIBU: Mwalimu, kwanza waalike askari, wawili kutoka kila zamu. Walimu wakifunzwa peke yao, kazi yao hukwama mlangoni.

Chukua mfano wa stailasi ya kuandikia breli, maandishi ya nukta ambayo asiyeona husoma kwa vidole. Ni kama msumari mfupi wenye kishikio, na askari asiyeijua ataichukua. Ana sababu: inachoma. Zipeni namba, zihesabiwe zikitoka kabatini na zikirudi, askari na mwalimu watie sahihi. Kisha mwacheni askari aandike jina lake. Ataanzia kulia kwenda kushoto, maana nukta hudungwa kwa nyuma. Karatasi ikigeuzwa, husomwa kutoka kushoto. Akishalipapasa jina lake, hataona tena karatasi za breli kuwa barua za siri. Siku ya upekuzi ajue pia kuzisimamisha kama vitabu rafuni. Zikirundikwa chini ya mzigo, nukta hulala na kazi ya muhula mzima haisomeki.

Huyo wa masikio ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu asipogeuka akiitwa huandikwa mkaidi na kuadhibiwa. Mpimeni hivi. Simama nyuma yake, sentimita 60 kutoka sikioni, sikio la pili lizibwe kwa kidole. Toa pumzi yote, ndipo unong'one herufi na tarakimu tatu, kama 4-K-2. Akikosea, rudia kwa tatu nyingine. Asipopata angalau 3 kati ya 6, mpelekeni kituo cha tathmini ya elimu maalum. Wengi husahau kutoa pumzi. Sauti hutoka nene, na kila mtoto anaonekana anasikia. Fanyeni mazoezi nyinyi kwa nyinyi kabla ya kumgusa kijana.

Lugha ya ishara haiishi kwa siku mbili. Mwiteni kiziwi anayeimudu awafunze ishara za lazima: naumwa, dawa, chakula, mahakama, choo. Mwalimu mmoja aombe kozi ndefu KISE, taasisi ya elimu maalum ya Kenya iliyoko Kasarani, Nairobi.

Saa ya mwisho, jazeni ukurasa mmoja kwa kila kijana: sikio lipi linasikia, akae wapi, anasoma kwa njia gani. Nakala iende naye akihamishwa, la sivyo huko aendako ataanza tena kuitwa mkaidi.