Mnene, mkubwa au wa miraba minne?

SWALI: Mpwa wangu anasoma chuo hapa Ohio, Marekani, na anacheza ule mpira wao wa kubeba mkononi. Anacheza mstari wa mbele, na kocha amemtaka afikishe uzito wa ratili 300 kabla ya msimu kuanza. Nilipompigia simu mama yangu aliye Tanga nikamwambia, "Mjukuu wako anatakiwa anenepe." Mama akafurahi, akaomba apewe simu, akamwambia kijana, "Mashallah, nasikia umenenepa!" Kijana kanuna siku nzima. Anasema yeye si mnene, ana mwili wa mazoezi. Je, nilikosea neno? Na wenzake wa nafasi nyingine, maana kila mmoja ana umbo lake, niwaeleze vipi nyumbani bila kusema "wakubwa" kwa wote? Halafu, ni urefu au kimo?

JIBU: Neno hukukosea, ndugu yangu. Mama yako na mpwa wako ndio wanaolisikia kwa masikio mawili tofauti.

Kivumishi -nene hakina tusi ndani yake. Kinasema tu kwamba kitu kimejaa pande zote: kamba nene, kitabu kinene, hata sauti nene. Kwa watu wa rika la mama yako, kunenepa ni dalili ya kula vizuri na kulala bila mawazo. Watu wa pwani wana neno lao jingine, kuwanda, nalo hubeba sifa hiyohiyo. Kinachomtia mzee wasiwasi ni kukonda. Kijana aliyekulia Marekani yeye anasikia mafuta na tumbo. Isitoshe, tazama kitenzi chenyewe. Ukisema "mnene" umetaja umbo, lakini ukisema "umenenepa" umetaja badiliko, kwamba jana hukuwa hivi. Ndivyo ilivyo pia kwa mwembamba na aliyekonda: wa kwanza ndivyo alivyo, wa pili kuna jambo limempata. Mpwa wako aliambiwa kuna jambo limempata, wakati yeye anaamka alfajiri kunyanyua vyuma.

Mimi ningesema: "Anatakiwa aongeze mwili." Bibi atashukuru Mungu na kijana hatanuna. Ukitaka kuonyesha jasho lake, sema "anajenga mwili", au kama wasemavyo vijana wa Dar, "amejazia".

Sasa "mkubwa". Hapa nakuomba uwe mwangalifu zaidi, kwa sababu neno hili kwetu lina kazi nyingi mno. Baba mkubwa si baba mwenye kilo nyingi. Bi mkubwa anaweza kuwa na kilo arobaini na tano na nyumba nzima ikamtii. Ukiandika "mpwa wangu ni mchezaji mkubwa", Tanga watadhani amekuwa nyota. "Mtu mzito" nayo ina mtego huohuo: ni mwenye cheo au ushawishi, na "mzito" peke yake yaweza kuwa mtu asiyeelewa upesi.

Dawa yake tunayo tangu zamani. Tunataja sifa, kisha tunataja mahali inapokaa: mkubwa wa mwili, mpana wa kifua, mrefu wa mikono, mwepesi wa miguu. Muundo huu ni mfupi, una mdundo, na hauachi shaka. Angalia upatanisho tu. Katika "mpana wa mabega", sifa inamfuata mtu. Katika "mwenye mabega mapana", inafuata mabega. Siku hizi nakutana sana na "mwenye mabega mpana", na kila mara naumia. Vilevile ni shingo nene, kifua kipana, mapaja manene, miguu minene.

Tuuchukue muundo huo tuingie nao uwanjani, kwa maana futiboli ya Kimarekani ni mchezo ambao nafasi huchagua mwili. Nawataja hapa wa vyuo vikubwa, kama hivyo vya Ohio.

Anza na alipo mpwa wako. Wale watano wa katikati ya mstari wa ushambulizi huvaa jezi namba 50 hadi 79, na kwa kawaida kanuni haiwaruhusu kupokea pasi ya mbele. Hawakimbii mbali. Kazi yao ni hatua mbili tatu za kusukuma mtu mzima anayekuja kwa nguvu zake zote, halafu kupumua, halafu kurudia. Ndiyo maana wengi wao wana kati ya kilo 132 na 150, na kimo cha futi 6 na inchi 3 hadi futi 6 na inchi 6. Hawa ndio mapandikizi ya watu. "Pandikizi la mtu" ndilo neno ninalolipenda kwao, kwa sababu limebeba kimo, unene na uzito kwa pamoja, tena kwa heshima. "Bonge" hutumika mitaani, nami silikatai kati ya marafiki, ila ndani yake mna ulaini, kama wa donge. Kati ya hao watano, wale wawili wa pembeni huwa warefu zaidi, na makocha huwapima hata mikono, kwani mwenye mkono mrefu humgusa mpinzani kabla ya kuguswa. Hao waite warefu wa mikono. Yule wa kati anayeanzisha mchezo kwa kupitisha mpira baina ya miguu yake mara nyingi huwa mfupi kidogo kuliko hao wawili.

Wanaokabiliana nao upande wa ulinzi, wale wa katikati, wana uzito unaokaribiana na wao, lakini wanapaswa kufyatuka haraka. Mmoja wao aliyevuma alikuwa William Perry wa chuo cha Clemson, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Alizidi ratili 300 wakati miili ya namna hiyo bado ni nadra, na Wamarekani wakampa jina la Friji. Kiswahili kingemsema mzito wa mwili, mwepesi wa hatua.

Nyuma ya mstari huo wa ulinzi kuna walinzi wa kati, ambao wengi wana kilo 100 hadi 109. Hapa ndipo mahali pa "miraba minne". Mtu wa miraba minne amejengeka kama sanduku: kifua, mgongo, bega kwa bega, na hana tumbo linalotangulia. Nikiwaza mfano nyumbani namkumbuka Daniel Adongo, Mkenya aliyetoka kwenye raga akajiunga na timu ya Indianapolis Colts mwaka 2013. Hiyo ni ligi ya kulipwa, si chuo, lakini umbo ndilo hilohilo, akiwa na futi 6 na inchi 5. "Baunsa" lingemfaa pia, ila neno hilo linanukia mlango wa ukumbi wa muziki.

Wakimbiaji wanaobeba mpira ndio wanaosahaulika nyumbani, maana watu hudhani mchezo huu ni wa majitu tu. Wengi wana futi 5 na inchi 9 hadi futi 6, na kilo 88 hadi 100. Barry Sanders wa chuo cha Oklahoma State, aliyetwaa tuzo ya Heisman, ile ya mchezaji bora wa vyuo, mwaka 1988, alikuwa na futi 5 na inchi 8, yaani kama sentimita 173, na msimu ule alikimbia yadi 2,628. Huyo ni mfupi wa kimo, mnene wa mapaja. Usimwite andunje, hilo ni neno la kudhihaki.

Kwotabeki, yaani mrushaji, hupendelewa awe mrefu apate kuona juu ya vichwa vya yale mapandikizi yaliyo mbele yake; futi 6 na inchi 2 ni jambo la kawaida. Wapokeaji wa pasi na walinzi wa pembeni ni wembamba. Wengi wana kilo 79 hadi 91, na wanaishi kwa mbio. DeVonta Smith wa Alabama alitwaa Heisman ya msimu wa 2020 huku chuo chake kikimwandika kuwa na ratili 175, yaani kilo 79. Huyo ni mwembamba. Hakukonda, wala si kimbaumbau.

Kuhusu urefu na kimo: urefu si kosa, lakini ni neno pana, hupima barabara, kamba, hata hotuba. Kimo hupima kitu kilichosimama, kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo kwa mtu kinakaa vizuri zaidi. Usiseme "yeye ni futi sita", kwa sababu mtu hawi futi. Sema "ana futi sita", "ana kimo cha futi sita" au "kimo chake ni futi sita". Kilo nazo ziende hivyohivyo: ana kilo 140. Ukisema mchezaji "ni kilo 140" umemgeuza gunia.

Ratili ni neno zuri na sahihi kwa kipimo hicho cha Kimarekani, na linaondoa utata wa "pauni", ambayo wengi huisikia kama fedha. Lakini kwa simu ya nyumbani geuza kuwa kilo. Ratili 300 ni kama kilo 136, na mama yako anajua gunia la kilo mia linavyobebwa.

Jambo la mwisho, kwa sababu najua utaulizwa: pandikizi la mtu "limeingia" au "ameingia"? Zote mbili utazisikia. "Limeingia" hukuza umbo na kutia mshangao. "Ameingia" humrudishia utu wake. Kwa mtu usiyemjua anayeziba mlango, sema limeingia. Kwa mpwa wako ningesema ameingia.

Basi ukipiga simu Tanga tena, mwambie Bi mkubwa hivi: "Mama, mjukuu wako anaongeza mwili. Sasa ni mpana wa kifua, ana shingo nene, na akifika kilo 136 atacheza mbele kabisa, yeye ndiye ukuta wa wenzake." Kisha mpe kijana simu.