Mkato wa Oxford: jinsi ya kuandika orodha ya Kiingereza isiyosomeka kwa maana mbili

Andika "rice, beans and maize" uwapelekee wahariri wawili wa Kiingereza. Mmoja atatia mkato baada ya "beans", mwingine ataiacha orodha kama ilivyo, na kila mmoja anaweza kukuonyesha mwongozo unaomuunga mkono. Ndiyo maana ubishi huu hauishi. Si suala la sarufi, ni suala la mtindo wa nyumba, yaani kile ambacho gazeti, chuo au mchapishaji ameamua kifuatwe na kila anayemwandikia. Kinachostahili kukuumiza kichwa ni kingine: orodha ambayo maana yake yote inaning'inia kwenye mkato huo mmoja. Orodha ya namna hiyo ni mbovu hata ukiuweka, kwa sababu msomaji hajui kama wewe ni mtu wa kuuweka au wa kuuacha.

Kwa hiyo kwanza jua unamwandikia nani. Mkato huu huitwa wa Oxford kwa sababu Oxford University Press imeushikilia kwa zaidi ya miaka mia moja, katika kanuni zilizoanzishwa na Horace Hart mwaka 1893. Lakini Chuo Kikuu cha Oxford chenyewe, katika mwongozo wa ofisi zake, kinashauri uachwe isipokuwa pale maana inapoweza kupotea. Jina ni moja, nyumba mbili, na kila nyumba ina kanuni yake. Marekani wengi huuweka: mwongozo wa Chicago unaofuatwa na wachapishaji wa vitabu, na ile ya APA na MLA inayofuatwa kwenye kazi za vyuo, yote inautaka. Waandishi wa habari wanaofuata mwongozo wa Associated Press, shirika la habari la Marekani, huuacha kwenye orodha nyepesi. Uingereza, The Guardian na The Economist nayo huuacha mpaka pawe na haja, na magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Dar es Salaam kwa kawaida yamefuata njia hiyo hiyo.

Kiswahili nacho huuacha. Tunaandika "mchele, maharage na mahindi" na hakuna anayeuliza. Mkono uliozoea hivyo, usipouongoza, utaandika Kiingereza cha The Guardian hata kwenye tasnifu ya APA, na msimamizi atakuzungushia wino mwekundu kila ukurasa. APA ina mtego mwingine unaonasa wanafunzi wengi kwetu: kwenye orodha ya marejeo, mkato hutangulia alama ya & hata waandishi wakiwa wawili tu, kama hivi: "Mushi, A., & Otieno, B." Ndani ya maelezo yenyewe, "Mushi and Otieno" haina mkato wowote. Usiichukue kanuni ya mahali pamoja ukaipeleka pengine.

Pale ambapo maana haitikisiki, fuata nyumba yako na usonge mbele. Januari 2020 Uingereza ilitoa sarafu ya peni 50 ya kujitoa Umoja wa Ulaya, yenye maneno "Peace, prosperity and friendship with all nations". Mwandishi Philip Pullman alitaka watu waisusie kwa kukosa mkato baada ya "prosperity". Yasome maneno hayo mara kumi, hutapata maana ya pili. Muda wa mhariri ni mali, uweke kwenye sentensi zinazosomeka kwa njia mbili.

Sentensi hizo zina sura zinazojirudia. Inayojulikana zaidi ni hii: "The meeting was attended by the teachers, Baraka and Halima." Je, Baraka na Halima ndio walimu wenyewe, au ni wageni wengine waliokuja pamoja na walimu? Mtetezi wa mkato atasema weka mkato baada ya "Baraka" na shida imekwisha. Kwa sentensi hiyo ni kweli. Sasa badilisha neno moja, walimu wawe mmoja: "The meeting was attended by my teacher, Baraka, and Halima." Hapa mkato ule ule ndio unaoleta shaka. Baraka anaweza kuwa ndiye mwalimu, aliyetajwa jina kati ya mikato miwili, na waliofika wakawa wawili. Au mwalimu ni mtu mwingine na wakawa watatu. Ukiuondoa, "my teacher, Baraka and Halima", shaka hiyo inapungua. Hii ndiyo sababu tunawasihi watu wasiapie upande wowote: mkato unaookoa sentensi moja unazamisha jirani yake.

Dawa iko kwenye mpangilio wa maneno. Njia ya haraka ni kutanguliza majina: "Baraka, Halima and the teachers". Hapo "Halima and the teachers" haiwezi kusomeka kama maelezo ya Baraka. Nyingine ni kurudia kihusishi: "by the teachers, by Baraka and by Halima". Inasikika nzito kidogo, lakini kwenye mkataba au kumbukumbu za kikao uzito huo unavumilika. Ya tatu ni kutaja idadi: "Three people attended: my teacher, Baraka and Halima." Namba inafunga mlango, kwa sababu msomaji akihesabu wawili anajua amekosea.

Sura ya pili ni kipengele chenye "and" tumboni mwake. "Chapati, rice and beans and tea" inamfanya msomaji asite, kwani wali na maharage ni sahani moja lakini macho hayajui pa kukata. Hapa hata Associated Press inakubali mkato: "chapati, rice and beans, and tea". Vizuri zaidi, kiondoe kipengele hicho mwishoni au karibu na mwisho: "rice and beans, chapati and tea". Ukiisoma kwa sauti utasikia tofauti.

Sura ya tatu haiponi kwa mkato hata kidogo, ingawa watu hujaribu. "Farmers, traders and drivers registered with the county": waliosajiliwa ni madereva peke yao au wote? Tia mkato, toa mkato, swali linabaki pale pale. Kama ni wote, tanguliza sifa: "registered farmers, traders and drivers" ni nafuu, ila hapo nako mtu anaweza kudai "registered" ni ya wakulima tu. Kwenye tangazo la ruzuku au la kodi andika kikamilifu: "farmers, traders and drivers, all of whom must be registered with the county".

Mfano unaofundisha kuliko yote unatoka jimbo la Maine, Marekani. Sheria ya huko inasema mfanyakazi akizidisha saa 40 kwa wiki alipwe mara moja na nusu kwa saa za ziada. Kisha inawatoa wanaofanya kazi fulani kwenye mazao ya kilimo, nyama, samaki na vyakula vinavyoharibika upesi. Kazi zenyewe ziliorodheshwa hivi: "The canning, processing, preserving, freezing, drying, marketing, storing, packing for shipment or distribution of". Madereva wa kampuni ya maziwa ya Oakhurst Dairy walikuwa wakisambaza bidhaa, si kuzifungasha. Wakadai malipo ya saa za ziada.

Iangalie orodha hiyo kwa karibu, kwani kila upande ulikuwa na ushahidi ndani ya maneno yale yale. Baada ya "shipment" hakuna mkato. Madereva wakasema "packing for shipment or distribution" ni kazi moja: kufungasha, iwe kwa kusafirishwa au kwa kusambazwa. Wakaonyesha kwamba kazi zote zinaishia na "-ing", ilhali "shipment" na "distribution" ni nomino, kwa hiyo zote mbili zinategemea "for". Kampuni ikajibu: kama "packing" ndiyo kazi ya mwisho, mbona hakuna "or" mbele yake ya kufunga orodha? Na kama "distribution" iko chini ya "packing" pamoja na "shipment", mbona sheria irudie jambo lile lile kwa maneno mawili? Kisha kuna jambo ambalo wanaosimulia kesi hii huliruka: mwongozo wa kuandika sheria wa jimbo lenyewe uliwaelekeza waandishi wauache mkato wa mwisho. Kukosekana kwake, basi, hakukuthibitisha chochote.

Machi 2017 mahakama ya rufaa, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji David Barron, iliona kifungu kina utata, na kwa kuwa sheria za ujira za Maine hutakiwa kusomwa kwa manufaa ya mfanyakazi, madereva wakashinda. Mwaka 2018 kampuni ilikubali kulipa dola milioni 5 kumaliza shauri. Bunge la jimbo lilikirekebisha kifungu, na marekebisho hayo yanafaa kuigwa. Halikuchomeka mkato mmoja tu likatosheka. Liliweka nukta mkato baada ya kila kazi na kubadilisha "distribution" kuwa "distributing", ili neno la mwisho lifanane umbo na wenzake. Alama peke yake ingeacha ubishi. Umbo la neno ndilo linalofunga.

Hapa kwetu chukua Katiba ya Kenya ya 2010, Ibara ya 10(2)(a), inapotaja maadili ya taifa: "patriotism, national unity, sharing and devolution of power, the rule of law, democracy and participation of the people". Hesabu vipengele. Katikati, "sharing and devolution of power" ni kimoja chenye "and" ndani. Ukifika mwishoni, "democracy and participation of the people" ina sura ile ile kabisa. Je, nayo ni kipengele kimoja, jumla vitano, au ni viwili na jumla sita? Kawaida ya Kiingereza inasema sita, kwa kuwa orodha lazima ifungwe na kiunganishi na hicho ndicho pekee kilichopo. Kwa orodha ya maadili hakuna anayeumia. Ingekuwa orodha ya malipo, wanasheria wangekuwa wameshafungua majalada. Angalia pia kwamba aya ya (a) hadi (d) zimetenganishwa kwa nukta mkato na kila moja ina mstari wake. Huo ndio mpangilio wa kuiga unapoandika orodha ndefu ya wajibu au masharti.

Mfasiri ana tatizo la peke yake, na limekua tangu Tanzania ilipobadilisha sheria mwaka 2021 ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria. Kiingereza kinaweza kuficha utata nyuma ya mkato. Kiswahili mara nyingi hakikupi maficho. Jaribu kifungu cha Maine. Ukisema "kuzifungasha kwa ajili ya kusafirishwa au kusambazwa", umewapa madereva ushindi. Ukisema "kuzifungasha kwa ajili ya kusafirishwa au kuzisambaza", umeipa kampuni. Kauli ya kutendwa na kiambishi "-zi-" vimeamua kesi bila alama yoyote. Kwa hiyo usichague kimyakimya. Mwandikie mteja, nakili mstari wa Kiingereza, weka tafsiri zote mbili chini yake, na uulize ipi inakusudiwa. Mengi ya maswali haya hujibiwa kwa barua pepe moja, na mara nyingine mteja hugundua kwamba hati yake ya Kiingereza ndiyo inayohitaji kurekebishwa.

Unapohariri hati ndefu, tafuta " and " na " or " kwa Ctrl+F, ukiacha nafasi pande zote mbili ili usiletewe "land" na "for". Kila unaposimama kwenye orodha, hesabu vipengele. Isome ikiwa na mkato wa mwisho, kisha bila huo. Idadi isipobadilika, fuata mtindo wa nyumba. Ikibadilika, andika sentensi upya. Usithubutu kubadilisha zote kwa mkupuo, kwani ", and" pia huunganisha sentensi mbili kamili, kama "The rains came early, and the farmers planted maize", na mkato huo si wa orodha. Vipengele vikiwa na mikato ndani yake, tumia nukta mkato: "Arusha, Tanzania; Kisumu, Kenya; and Gulu, Uganda". Nukta mkato ya mwisho hapo huwekwa hata na wasiopenda mkato wa Oxford.

Katika kazi za Kiingereza zinazoandikwa na wasemaji wa Kiswahili, makosa halisi ya mikato kwenye orodha ni mengine kabisa, na hayana mwongozo wa kuyatetea. Mkato kati ya vitu viwili tu, "rice, and beans", hutokea mtu akishaambiwa aweke mkato kabla ya "and" bila kuelezwa kwamba kanuni inaanzia vitu vitatu. Mkato baada ya kipengele cha mwisho, "Rice, beans and maize, are sold here", unamtenga mtenda na kitenzi chake. "Such as" na "include" hazifuatwi na mkato wala nukta pacha orodha inapoendelea ndani ya sentensi ile ile. Na "etc." tayari ina "and" ndani yake, hivyo "and etc." ni kurudia, andika "rice, beans, etc."

Kabla ya kukabidhi, ongeza mstari mmoja kwenye orodha ya maamuzi ya hati, yaani ukurasa unaotaja mitindo uliyoichagua: "Mkato wa mwisho: tunauweka", au "tunauacha, isipokuwa kipengele kikiwa na 'and' ndani". Atakayepokea faili baada yako ataukuta hapo, na hatalazimika kukisia mkato uliokosekana ukurasa wa 40 ulisahauliwa au uliachwa kwa makusudi.