Kwa wewe unayeanza kuongoza filamu: niliyojifunza katika kazi ya Gurinder Chadha

Kila mwaka hunijia vijana wawili watatu wanaotaka kuwa waongozaji wa filamu, na karibu wote huanza kwa kuniuliza wanunue kamera ya aina gani. Nimefanya kazi hii Nairobi kwa miaka kumi na sita, kwanza nikiwa mhariri, kisha msaidizi wa mwongozaji, na hatimaye mwongozaji, na swali hilo nimeacha kulijibu. Badala yake huwaomba watafute filamu za Gurinder Chadha, wazitazame kwa kufuata miaka zilimotoka, halafu warudi tuzungumze. Namchagua yeye kwa sababu alizaliwa hapa hapa Nairobi mwaka 1960, katika familia ya Makalasinga, na kwa sababu hakuna mwongozaji mwingine ninayemfahamu ambaye kazi yake inaonyesha wazi hivyo jinsi mambo ya nyumbani yanavyogeuka kuwa filamu.

Familia yake ilikuwa imehama zaidi ya mara moja. Wapunjabi, yaani watu wa jamii yake, walianza kuingia Afrika Mashariki kwa wingi wakati wa ujenzi wa reli ya kutoka Mombasa hadi Ziwa Victoria, kati ya mwaka 1896 na 1901, na katika miongo iliyofuata jamii yao ikakua, wakawamo mafundi, makarani na wafanyabiashara. India ilipogawanywa mwaka 1947, eneo la asili la wazee wa Chadha likaangukia Pakistan. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa benki nchini Kenya. Gurinder alipokuwa na umri wa miaka miwili hivi, walihamia Uingereza wakakaa Southall, magharibi mwa London, na huko baba yule mwenye uzoefu wa benki akanyimwa kazi ya aina ile kwa sababu ya kilemba na ndevu zake, hata familia ikaishia kufungua duka. Nakuomba ulishike jambo hili la baba na kilemba, kwa kuwa nitalirudia.

Chadha hakuanzia katika kuongoza filamu. Alisoma masuala ya maendeleo katika Chuo Kikuu cha East Anglia, kisha akaingia BBC akiwa mwandishi wa habari wa redio. Wanaoanza huiona hatua hii kama muda uliopotea, nami huwaambia waitazame upya, kwa maana redio humlazimisha mtu asikilize jinsi watu wanavyosema hasa: wapi wanakatiza sentensi, wapi wanachanganya lugha, jambo gani wanalizunguka bila kulitaja. Filamu yake ya kwanza, I'm British But..., iliyotoka mwaka 1989, ni filamu ya hali halisi ya dakika 30 tu, ambamo vijana wenye asili ya Asia waliokulia Uingereza wanaeleza wanajiona kuwa akina nani, huku muziki wa bhangra ukipigwa juu ya paa huko Southall. Hakuna ndani yake kitu kilichohitaji fedha nyingi. Kinachosikika ni sikio la mtu aliyezoea kuhoji.

Nasema haya kwa uchungu kidogo, kwa sababu mimi nilikwenda kinyume chake. Filamu yangu fupi ya kwanza ilihusu majambazi wa mjini, watu niliowajua kwa kuwatazama kwenye filamu za wengine, na nilitumia karibu akiba yangu yote kukodi taa na kamera. Mhariri mmoja mkubwa kwangu kwa umri na kwa kazi aliitazama hadi mwisho, akaniuliza: mama wa kijana huyu anafanya kazi gani? Sikuwa na jibu. Wakati huo mama yangu mwenyewe alikuwa akiuza nguo katika soko la Gikomba, akiondoka nyumbani kabla ya alfajiri kuwahi kufunguliwa kwa mabelo ya mitumba, na haikuwa imenipitia akilini hata siku moja kwamba saa ile ya alfajiri ingeweza kuwa mandhari ya filamu.

Sasa turudi kwa baba na kilemba. Katika Bend It Like Beckham, ya mwaka 2002, binti wa familia ya Kalasinga inayoishi karibu na uwanja wa ndege wa Heathrow anataka kucheza mpira wa miguu, na wazazi wanamkataza. Mwandishi asiye makini angemfanya baba kuwa mkali tu, kizuizi cha kurukwa. Chadha na waandishi wenzake wamempa sababu: alikuwa mchezaji hodari wa kriketi alipokuwa kijana Nairobi, na alipofika Uingereza vilabu vya wenyeji vilimcheka kilemba chake vikamfukuza. Anamkataza mtoto kwa kuogopa asiumizwe kama alivyoumizwa yeye. Jeraha lililompata baba katika kutafuta kazi limehamishiwa katika mchezo, na kwa kuhamishwa hivyo limepata nguvu, kwa maana mtazamaji asiyejua lolote kuhusu Southall analielewa mara moja.

Tazama pia kovu. Parminder Nagra, aliyechaguliwa kuigiza binti huyo, alikuwa na kovu la kuungua mguuni tangu utotoni, na bila shaka mchezaji wa mpira huvaa bukta. Chadha hakumtafuta mwigizaji mwingine wala kuficha mguu. Aliliandika kovu ndani ya skripti, likawa aibu anayoibeba mhusika na pia njia ya kumsogeza karibu na kocha wake. Unapowachagua waigizaji wako, zungumza nao muda mrefu kabla ya kuwapa mistari ya kusoma, kwani miili yao na maisha yao huja na mambo ambayo wewe mezani kwako usingeyabuni.

Kwa upande wa uhariri, hakuna sehemu niliyoirudia mara nyingi kama ile ya harusi ya dada na fainali ya mpira kuangukia siku moja, mikato ikienda huku na huku kati ya ngoma na uwanja. Binti anapojiandaa kupiga mpira wa adhabu, ukuta wa mabeki mbele yake unageuka kuwa mama, dada na wanawake wengine wa ukoo wakiwa wamevaa sari. Ni picha ya sekunde chache, na imesema yote ambayo mazungumzo ya kurasa tatu yangeyasema vibaya.

Filamu hiyo iligharimu takriban dola milioni 6 na kuingiza zaidi ya milioni 70 duniani kote, lakini nisingependa uanzie hapo kuhesabu. Kati ya filamu yake ndefu ya kwanza, Bhaji on the Beach ya mwaka 1993, inayohusu wanawake wanaosafiri kwa siku moja kutoka Birmingham hadi Blackpool, na ile iliyofuata kwenye sinema, What's Cooking?, iliyofungua tamasha la filamu la Sundance, Marekani, mwaka 2000, ilipita miaka saba. Katikati alifanya kazi ya televisheni. Kwa hiyo kama unaingia kazini ukitarajia filamu ndefu kila mwaka, panga mapema utakula nini katika miaka ya katikati, na usione haya kuhariri matangazo au kurekodi harusi. Mimi nilijifunza kupanga watu wengi ndani ya fremu moja kwa kurekodi harusi.

Jambo la mwisho ni la kupokea hadithi ya mtu mwingine. Mwaka 2019 Chadha alitoa Blinded by the Light, iliyotokana na kumbukumbu za mwandishi Sarfraz Manzoor, kijana wa familia ya Kipakistani aliyekulia Luton, na Manzoor mwenyewe akawa miongoni mwa walioandika skripti. Ukichukua maisha ya jirani yako, mpe nafasi kazini na uweke jina lake kwenye orodha ya waliotengeneza filamu, na mkubaliane malipo kwa maandishi kabla ya siku ya kwanza ya kupiga picha.

Wanaporudi kwangu baada ya kutazama, huwapa kazi moja. Waende kwa mzee wa nyumbani kwao wakiwa na simu tu, wamrekodi nusu saa akieleza kazi aliyowahi kuifanya akaiacha, kisha wayaandike maneno yake yote kama alivyoyatamka, pamoja na pale aliponyamaza. Skripti huanza kuzungumzwa wiki inayofuata.