Droni kubwa ya nini wakati za kamikaze ni bei chee? Jibu la mpuliza korosho

Mkuu umeuliza kwa nini Waukraine wanahangaika na lile lidroni lizito la mapanga sita, linanguruma kama pikipiki, wakati FPV, yani kile kidroni cha kamikaze kinachojilipua kwenye shabaha, cha dola mia nne mia tano kinaua kifaru cha vita. Mi jeshini sijawahi kukanyaga, ila misimu miwili nimerusha droni ya kupulizia mikorosho huku Tandahimba, na lile dude ni ndugu wa damu wa hii yetu, nyingine kule zimetolewa shambani kabisa zikafungwa mabomu.

FPV ukishairusha imekwenda hiyo, ipige ikose imekwenda. Kubwa linaenda linashusha mzigo linarudi, unabadili betri unapakia tena. Vampire, moja ya hayo madude yao, inabeba mpaka kilo 15 hivi, na bomu la kutega ardhini la kuulia vifaru, TM-62, lina kilo kama 10, kwa hiyo usiku linatega barabarani nyuma ya Warusi halafu asubuhi gari linapita linakutana nalo. Likitoka hapo linapeleka maji, msosi na risasi kwa jamaa walioko mahandakini maana gari halifiki tena. Kamikaze haikuletei maji, mkuu. Warusi wenyewe wamelibatiza Baba Yaga (usidanganywe na hilo neno baba, ni bibi mchawi wa hadithi zao).

Sasa kazi ipo kwenye uzito. Ya kwetu tenki lita 30, likijaa unapata dakika kama nane tu hewani, likiwa tupu zinafika ishirini, yani kila kilo unayoongeza inakula umbali. Siku moja upande wa Newala kusi limekaza, bosi anataka tumalize heka zake kabla jua halijawa kali, nikajaza tenki mpaka juu. Kurudi upepo uko usoni, betri ikaanza kulia, dude likajishusha lenyewe juu ya mkorosho wa bibi mmoja, mapanga matatu kwisha habari yake. Nikamwamkia bibi shikamoo, akaitikia marahaba halafu hapohapo, "mjukuu wangu, mdudu wako kavunja tawi lina maua, nani analipa?" Bosi akalipa, akatukata sisi kwenye malipo.

Kwa hiyo ukisikia kilo 15 usidhani ndo linabeba hizo kwenda popote, wakitaka kufika mbali wanapunguza mzigo kama sisi tu. Na kweli linatunguliwa, ni zito, polepole, unalisikia kabla hujaliona, ndo maana linatembea usiku na kamera ya joto, na siku hizi Warusi wanalirushia FPV zao kulifuata hukohuko hewani. Ila kama limeshaenda safari ishirini thelathini kabla halijaanguka, piga hesabu mwenyewe.

Kitu ambacho kwenye video hamkioni ni watu wa chini. Rubani, wa kupakia, wa betri, jenereta, chaja, betri zinarudi za moto huwezi kuzichaji mpaka zipoe. Sisi kijiwe chetu tulikuwa tunatandaza turubai kukwepa jua. Wao wanajificha chini ya ardhi, maana adui akishajua dude linatua wapi, droni anaiacha, anakuja kuwatafuta wao.