Barua kwa binti yangu anayefikiria kugombea

Mwanangu mpenzi,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara mbili, mara ya tatu nikamsomea mama yako kwa sauti akiwa anachambua mchele. Unasema majirani zako wa Lewiston wanakutaka ugombee Baraza la Wawakilishi la jimbo la Maine huko Marekani, nawe unasita. Huna fedha, lafudhi yako inakutangulia, na hujui kama mtu aliyekulia Muheza anaweza kuwasemea watu waliozaliwa kwenye theluji. Ukaniuliza: "Baba, wewe ulikuwa diwani. Ungekuwa mimi ungefanyaje?"

Ningegombea. Lakini nisikilize kwanza.

Kuhusu haki usijisumbue. Katiba ya Maine inataka mjumbe awe na miaka 21, awe raia wa Marekani kwa miaka mitano, mkazi wa jimbo kwa mwaka mmoja, na awe ameishi katika eneo lake la uchaguzi miezi mitatu kabla ya kura. Wewe uliapa uraia mwaka 2017. Deqa Dhalac, mzaliwa wa Somalia, alichaguliwa South Portland mwaka 2022, na mwaka huohuo Mana Abdi akachaguliwa hapohapo Lewiston. Kule Minnesota, mwaka 2024, alipita Huldah Momanyi Hiltsley, mzaliwa wa Kenya. Njia imeshakanyagwa.

Jambo la fedha ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu ya kitu ambacho sijawahi kukusimulia.

Mwaka 2000, nilipogombea udiwani, sheria ya uchaguzi ilikuwa imebadilishwa kuruhusu takrima, yaani mgombea kuwakirimu wapiga kura. Mahakama Kuu ilikuja kuifuta mwaka 2006, lakini wakati ule ilikuwa halali, nami niliitumia. Niliuza ng'ombe wawili. Nikanunua kanga, sukari na mchele, tukapika pilau chini ya ule mwembe wa shuleni. Nikashinda vizuri sana.

Ada ya shule ya msingi ilipoondolewa, watoto wakafurika. Darasa moja likawa linakaliwa na watoto wa madarasa mawili. Nikaitisha mkutano kuomba nguvu kazi, tufyatue matofali. Akasimama bibi mmoja, amejitanda kanga niliyompa mimi, imeshapauka, pindo limechanika. Akasema kwa upole kabisa: "Mheshimiwa, sisi na wewe tulishamalizana. Ulitupa kanga, tukakupa kura." Kisha akaketi. Hakuna aliyecheka, hakuna aliyempinga. Siku ya matofali walikuja watu kumi na mmoja, na watano kati yao ni wa ukoo wetu.

Mwanangu, nilikuwa nimewalipa, na mtu aliyeshalipwa hakudai tena. Miaka mitano niliongoza watu wasionidai chochote, nami sikuwa na uso wa kuwadai.

Ndiyo maana uliponieleza kuhusu ule utaratibu wa Uchaguzi Safi wa Maine nilikwambia urudie taratibu. Wananchi wenyewe waliupitisha kwa kura mwaka 1996, na ukatumika mara ya kwanza mwaka 2000, mwaka uleule nilipokuwa nagawa kanga. Mgombea wa Baraza anatafuta wapiga kura wasiopungua 60 wa eneo lake, kila mmoja atoe dola tano. Fedha hizo haziingii mfukoni mwake, zinakwenda kwenye mfuko wa jimbo, kisha mfuko ndio unaogharimia kampeni yake, naye anaacha kupokea michango ya watu binafsi. Unaona? Huko mgombea ndiye anayeomba. Mama wa watu anatoa dola tano ambazo angenunulia maziwa, na kuanzia siku hiyo ana neno na wewe.

Usizikusanye kwa shangazi zako na marafiki wa kazini tu. Nenda mlango kwa mlango. Na atakayekwambia, "Niwekee wewe, nitakurudishia," mkatalie. Kwanza sheria hairuhusu, pili ndiyo kanga ileile.

Eneo moja la uchaguzi huko lina watu kama elfu tisa, maana wajumbe ni 151 katika jimbo lenye watu wasiofika milioni moja na nusu. Unaweza kuwafikia kwa miguu.

Mlangoni, usiahidi lisilo lako. Basi linaloacha kufanya kazi mapema jioni, hilo kalisemee kwa halmashauri ya jiji. Lakini yule jirani yako wa Bukavu, Kongo, aliyekuwa muuguzi kwao na sasa anadeki korido usiku, leseni yake iko mikononi mwa jimbo. Hilo ni lako. Na karibu kila muswada Maine hupewa siku ya kusikilizwa hadharani, mwananchi yeyote anaweza kwenda Augusta, makao makuu ya jimbo, kusema. Nenda mwaka huu, kabla hujachukua fomu, ukae kwenye kiti cha wanaotoa maoni uzungumzie leseni hizo. Utajijua mwenyewe humohumo.

Posho ya mjumbe haitoshi kulisha nyumba, na vikao vinaanza katikati ya baridi. Zungumza na mumeo na msimamizi wako wa kazi mapema, usiwashtukize.

Kuhusu lafudhi, nilipokaa kwako ule msimu wa baridi, jioni moja nilihesabu watu wanne kwenye meza yako ya jikoni, kila mmoja na bahasha yake mkononi. Mmoja alikuwa yule mzee Mzungu wa ghorofa ya chini, na barua ya bima aliyoshindwa kuielewa. Ukamsomea, ukapigia mstari kwa kalamu nyekundu mahali pa kujibu. Alikuelewa kila neno.

Kupitia chama unahitaji sahihi za wanachama 25 hadi kufikia katikati ya Machi. Anza na ghorofa ya chini. Akishasaini, nipigie simu hata kama huku ni usiku.

Mama yako anakusalimu, na anauliza watoto wanavaaje.

Baba yako