Kabla ya kupima T1 fupi, tafuta sifuri

Juzi msomaji ameniandikia: kwa mashine ya NMR (inayopima mwitiko wa viini vya atomu katika uga wa sumaku) amepima T1, yaani muda wa usumaku wa viini kurejea hali yake ya kawaida baada ya kupinduliwa, ya mmumunyo wenye ioni za manganisi; programu imempa jibu, lakini kila akirudia jibu linakuwa jingine. Niliusoma ujumbe ule mara mbili. Yaliyomkuta ndiyo yaliyonikuta.

Siku moja kabla ya kosa langu nilikuwa nimepima maji safi, ambayo protoni zake zina T1 ya takriban sekunde 3. Nikaweka sampuli ya manganisi na kuacha orodha ileile ya vipindi vya kusubiri. Kifupi kuliko vyote kilikuwa milisekunde 50. Palsi ya nyuzi 180, yaani mpigo mfupi wa mawimbi ya redio, ikapindua usumaku wa viini, nikasubiri, palsi ya nyuzi 90 ikausoma. Kwenye grafu ya ishara kwa kila kipindi, nukta zote zikakaa juu, sawasawa. Programu ikanipa T1 yenye desimali tatu, nami nikaipeleka kikaoni kwa kujiamini.

Msimamizi wangu aliuliza swali moja tu: "Nukta hasi ziko wapi?"

Hazikuwepo. Ioni ya manganisi ina elektroni 5 zisizo na wenzi, na hizo huvuruga spini (usumaku mdogo) za protoni kwa nguvu kubwa. T1 halisi ilikuwa milisekunde 6. Nilipochukua nukta ya kwanza, spini zilikuwa zimesharejea zamani. Wenzangu walicheka. Kicheko kile bado kinaniuma.

Sasa sianzi na orodha. Nabadilisha kipindi kwa mkono hadi ishara itoweke, kisha nagawanya kipindi hicho kwa 0.69 nipate T1. Siku ile niliporudi maabara ilitoweka karibu na milisekunde 4. Hapo ndipo unapanga vipindi vyako, kuanzia sehemu ya kumi ya T1 hadi mara tano yake. Tafuta sifuri kwanza! Usikubali namba ya programu kama hujaona ishara ikivuka kutoka hasi kwenda chanya.

Kwa T2, yaani muda wa spini kupoteza mwendo wa pamoja baada ya palsi, uwe mwangalifu zaidi, kwani manganisi huifupisha kuliko T1. Baada ya palsi, koili (waya uliozungushwa unaopokea ishara) huendelea kuvuma kwa mikrosekunde kadhaa, na mwanzo wa ishara humezwa humo. Tumia mwangwi wa spini, yaani ishara inayojirudia baada ya palsi ya pili, aliouonyesha mwanafizikia Erwin Hahn mwaka 1950: mwangwi huja koili ikiwa imeshatulia, na kasoro za uga wa sumaku hufutika.

Wewe uliyeniandikia, rudi kwenye mashine leo, anza na milisekunde 1. Nasubiri kuona nukta zako hasi.